Kabla Hujasaga Kidonge cha Mgonjwa Mwenye Mpira

Alifika dirishani kwetu saa tatu asubuhi, amebeba kikapu. Ndani yake mlikuwa na bahasha sita za dawa, bomba la sindano la mililita 50, na kinu kidogo cha mbao, kile cha kutwangia vitunguu saumu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Nani anaumwa?"

"Baba. Alipata kiharusi, tumeruhusiwa Jumatatu, kaachiwa mpira puani. Sasa kila nikimpa dawa za asubuhi anaishiwa nguvu. Jasho jembamba linamtoka, ukimwita haitiki. Jioni tena vilevile."

Nikamuuliza anampaje. Akanionyesha kwa mikono bila kusita: vidonge vyote sita kinuni kwa mpigo, anatwanga mpaka unga, anakoroga kwenye uji mwepesi uliochujwa, anavuta kwa bomba, anapitisha. Kinu kimeoshwa kinang'aa. Ni mtu aliyekuwa akimtunza baba yake kwa uangalifu wote aliojaliwa. Nikafungua bahasha moja moja. Ya tatu ilikuwa na nifedipini ya miligramu 20, na kwenye karatasi ya vidonge pameandikwa neno "Retard".

Nikamwomba amlete. Baba aliletwa kwa bajaji. Dawa alikuwa amepewa saa moja na nusu; ilipokaribia saa nne presha yake ilikuwa 88 kwa 54. Mzee yuleyule kabla ya kuugua alikuwa akikimeza kidonge kilekile kikiwa kizima, mara mbili kwa siku, bila shida yoyote. Kwenye karatasi ya ruhusa dawa zake za zamani zilikuwa zimenakiliwa kama zilivyo, na chini yake maneno matatu: dawa zipitie mpirani.

Safu hii nzima inatokana na maneno hayo matatu. Nimefanya kazi ya famasi ya hospitali miaka mingi, na jambo ninalotaka kulisema ni moja: siku mpira unapoingia puani ndiyo siku ya kuandika upya dawa zote za mgonjwa. Isisubiriwe kesho, wala siku ya kuruhusiwa. Kusaga kidonge ni kubadili dawa, na anayebadili dawa sharti ajue anabadili nini. Sisi wenye elimu hiyo tumekaa pembeni, uamuzi tukamwachia binti mwenye kinu.

Wengi hudhani kidonge ni unga wa dawa uliobanwa ukawa mgumu ili umezeke kirahisi. Vipo vya namna hiyo, na ni vingi. Lakini vipo vingine vilivyojengwa. Nifedipini yenyewe ni dawa ya haraka: ikiingia damuni hupanua mishipa kwa nguvu, kisha baada ya saa chache imekwisha. Ili mgonjwa asipande na kushuka siku nzima, watengenezaji wakatafuta namna ya kuifungia ndani ya kidonge itoke kidogo kidogo kwa saa 12, na nyingine kwa saa 24. Kinachomlinda mgonjwa ni ule mjengo. Mchi ukipita juu yake, dawa ya nusu siku au siku nzima humwagika kwa dakika chache.

Wakongwe wa wodi watakumbuka kwamba zamani mgonjwa mwenye presha ya kutisha alitobolewa kapsuli ya nifedipini na kudondoshewa chini ya ulimi. Presha ilishuka kweli, tena kwa kishindo, na wengine wakapata kiharusi au mshtuko wa moyo papo hapo. Mwaka 1996 madaktari waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani wakitaka desturi hiyo isimamishwe, na hospitali nyingi zikaiacha. Sasa tazama tunachofanya tunaposaga ile ya kutoka polepole: tunairudisha desturi ileile kwa mlango wa nyuma, kwa mzee ambaye ubongo wake tayari umejeruhiwa na unahitaji damu ifike bila kukatika. Mwaka 2003 iliripotiwa Marekani habari ya mgonjwa aliyepewa kwa mpira nifedipini ya aina hiyo ikiwa imesagwa, pamoja na dawa nyingine ya presha iitwayo labetaloli. Presha na mapigo ya moyo vikaporomoka. Alifariki.

Ukitaka kuona jambo hili lilivyo la kitaalamu, weka amlodipini kando ya nifedipini. Ni ndugu, kazi yao ni moja, na zote mgonjwa anaweza kukaa nazo siku nzima. Lakini urefu wa kazi ya amlodipini unatokana na dawa yenyewe, ambayo hukaa damuni zaidi ya siku moja kabla haijafika nusu. Kidonge chake ni cha kawaida tu. Ukikiloweka kwenye maji hufumuka, ukakipitisha mpirani, na hakuna kilichoharibika. Kwa macho vidonge hivi viwili havitofautiani sana. Binti atajuaje?

Ishara ya kwanza imo kwenye boksi. Baada ya jina la dawa tazama kama pana herufi SR, XR, XL, ER, LA, CR au MR, au neno Retard. Zote zinasema jambo moja: hiki hutoka polepole, kisivunjwe. Metformini ya kisukari ipo ya kawaida na ipo yenye XR. Kabamazepini ya kifafa ipo ya kawaida na ipo yenye CR. Mofini ya vidonge vya kutoka polepole ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu dozi ya saa 12 ikiingia mwilini kwa pamoja mgonjwa huacha kupumua akiwa usingizini, na walio pembeni yake husema amepumzika. Herufi EC ni habari nyingine, nitaifikia. Na kuna dawa za kutoka polepole ambazo hazina herufi yoyote baada ya jina, kwa hiyo boksi lisilo na herufi halikupi ruhusa. Uliza.

Kupitisha dawa kwa mpira si jambo jipya. Mwaka 1790 daktari mpasuaji wa London, John Hunter, alimtibu mtu aliyepooza misuli ya kumezea. Alichukua ngozi mbichi ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akaivisha juu ya kijiti cha mfupa wa nyangumi, akafunga kibofu cha mnyama upande wa juu, akakamua chakula na dawa hadi tumboni. Mgonjwa alipona. Ninapenda kuwakumbusha wauguzi wapya kwamba tangu siku ya kwanza mpira huu ulibeba vitu viwili, chakula na dawa. Tumejifunza sana habari za chakula. Za dawa tumezichukulia kama kifurushi kinachodandia.

Na wagonjwa wenyewe si wachache kwetu. Wapo wa kiharusi kama baba yule. Wapo vijana wa bodaboda walioumia kichwa. Wapo watoto njiti wasiojua kunyonya. Wapo wenye saratani ya umio, ugonjwa ulioshika ukanda mrefu wa mashariki mwa Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, ambao koo la chakula huziba kabisa na mpira ukapitishwa ukutani mwa tumbo. Njia ya kuuweka huo wa tumboni kwa kamera, bila upasuaji mkubwa, ilitangazwa na Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky wa Cleveland, Marekani, mwaka 1980. Kwetu wengi bado huwekewa kwa upasuaji wa kawaida.

Tuutazame mpira wenyewe kwa karibu. Namba iliyoandikwa mwishoni mwake ni kipimo cha unene: kila namba tatu ni milimita moja. Mpira namba 12 una unene wa milimita 4 kwa nje. Namba 8 haufiki milimita 3. Toa unene wa ukuta, na tundu linalobaki ndani ni jembamba kuliko mrija wa soda. Hapo ndipo tunapotaka upite unga wa vidonge sita uliokorogwa kwenye uji. Ukiziba, kuutoa na kuingiza mwingine ni mateso kwa mgonjwa, gharama kwa ndugu, na kila uingizaji mpya ni nafasi nyingine ya mpira kupotea njia ukaenda mapafuni.

Namna sahihi inachosha kuisoma lakini kuifanya ni dakika chache, kwa hiyo nitaieleza polepole. Simamisha chakula. Mwinue mgonjwa, kichwa na kifua viwe juu, na asilazwe chini mara baada ya dawa. Hakikisha mpira uko mahali pake. Sukuma maji mililita 15 hivi kwanza, upate njia. Kisha dawa ya kwanza peke yake. Kama ni kidonge cha kawaida, kinu si lazima: chomoa mchi wa bomba la sindano, tumbukiza kidonge, rudisha mchi, vuta maji mililita 10, ziba ncha, acha kidogo, tikisa. Vidonge vingi vya kawaida hufumuka humohumo, hakuna unga unaobaki kinuni, hakuna vumbi linalopeperuka. Kile kinachokataa kufumuka ndicho kisagwe, baada ya mfamasia kukikubali, na kilainike kweli. Pitisha. Vuta maji tena ndani ya bomba hilohilo usuuze masalia, pitisha nayo. Halafu dawa ya pili, vivyo hivyo. Mwisho kabisa suuza mpira tena, ndipo chakula kirudi.

ASPEN, chama cha wataalamu wa lishe tiba cha Marekani, kinasisitiza hayo: kila dawa na zamu yake, maji angalau mililita 15 kabla na baada, na dawa isichanganywe na chakula. Ndugu wengi huniuliza kwa nini zisiende pamoja, ilhali tumboni zitakutana tu. Tumboni kuna nafasi na kuna maji mengi. Ndani ya bomba zinakutana zikiwa nzito, zimebanana, na baadhi hugandana hapohapo. Tena ukizichanganya kwenye kikombe cha uji, mgonjwa akatapika au mpira ukaziba uji ukiwa nusu, hujui ni dawa gani imeingia na kiasi gani.

Maji nayo yahesabiwe. Mgonjwa mwenye dawa sita za asubuhi, ukianza na mililita 15 na kila dawa ikachukua 10 za kuyeyushia na 15 za kusuuza, amepata mililita 165 kabla ya kifungua kinywa. Kwa wengi ni heri. Kwa mwenye figo au moyo ulioshindwa kazi, iandikwe kwenye chati ya maji. Kwa mtoto mchanga vipimo hivi havitumiki kabisa. Wodi yake ina vyake. Na bomba liwe kubwa, la mililita 50 au 60. Bomba dogo hutoa msukumo mkali, mpira mwembamba ukapasuka.

Mpira ukiziba, jibu ni maji ya uvuguvugu na subira: sukuma, vuta, sukuma, vuta. Najua soda inavyopendwa kwa kazi hii. Watafiti wa Marekani mwaka 1988 walilinganisha maji, soda ya kola na juisi ya tunda chachu la kwao liitwalo kranberi katika kuzuia mipira isizibe. Soda haikuyashinda maji, na juisi ikawa ya mwisho. Uchachu hugandisha maziwa na protini ya chakula, sawa na ndimu ndani ya chai ya maziwa. Maji tu yanatosha. Na waya usiingizwe mpirani, hata siku moja.

Dawa ya maji basi si ndiyo suluhisho? Mara nyingi ndiyo, na ikiwepo ndiyo ya kutangulizwa. Ila nayo ina yake. Sirapu zenye uchachu mkali zikikutana na maziwa ndani ya mpira hugandisha. Nyingi hutiwa utamu uitwao sobitoli, ambao ukizidi huharisha. Nimeona mgonjwa akibadilishiwa uji mara tatu kwa sababu ya kuhara, akapunguziwa chakula hadi akakonda, kumbe anayeharisha ni sirapu tatu tofauti alizokuwa akipewa mchana kutwa. Hakuna aliyefikiria kujumlisha sobitoli. Potasiamu ya maji isipozimuliwa huchoma tumbo. Sirapu ya kabamazepini hung'ang'ania ukuta wa mpira wa plastiki. Izimuliwe kwa maji kiasi sawa na yenyewe. Dawa ya maji ya siprofloksasini, ambayo ni antibaiotiki, ni nzito, ina mafuta, na huziba mpira. Hapo kidonge cha kawaida kilichofumuliwa ndicho bora, kinyume na mtu anavyotarajia.

Siprofloksasini inanipeleka kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko kuziba, kwa kuwa halionekani. Dawa inapita vizuri, mpira uko safi, muuguzi ameweka alama kwenye chati, na mgonjwa hajapata kitu. Kalsiamu ya maziwa huikamata siprofloksasini, zikashikana, zikatoka zote na choo. Doksisaiklini, antibaiotiki nyingine, nayo haipatani na maziwa. Mgonjwa wetu analishwa maziwa na uji wa maziwa kila saa tatu; dawa itapata lini tumbo tupu? Usaha hauishi, homa haishuki, daktari anapandisha kwenye antibaiotiki ya bei kubwa, na usugu unalaumiwa. Lazima chakula kisimamishwe saa moja kabla na saa mbili baada. Dolutegraviri, dawa ambayo sasa ndiyo nguzo ya matibabu ya VVU, hukamatwa na vidonge vya madini ya chuma, vya kalsiamu na dawa za kiungulia. Itangulie kwa muda wa saa mbili, au ije saa sita baada yake.

Fenitoini ya kifafa ndiyo mfano niliotumia maisha yangu yote kufundishia. Mwaka 1982 mfamasia wa Marekani, L. A. Bauer, alionyesha kwamba wagonjwa waliolishwa kwa mpira mfululizo huku wakipewa fenitoini kwa njia hiyohiyo walikuwa na kiasi kidogo mno damuni. Kulisha kuliposimama, kiasi kikapanda mara kadhaa kwa dozi ileile. Fikiria maana yake kwa kijana aliyeumia kichwa. Siku za mpira degedege haliishi, dozi inaongezwa, inaongezwa tena. Siku anayoanza kula kwa mdomo kila mtu anashangilia, mpira unatolewa, na hakuna anayeigusa dozi. Baada ya siku chache anayumba kama mlevi, macho yanachezacheza, anatapika. Kichwa hakijarudi kuumwa. Ni fenitoini iliyofunguliwa njia. Kwa hiyo anayelishwa kwa mpira aachiwe nafasi ya saa moja au mbili kabla na baada ya fenitoini, utaratibu usibadilike siku hadi siku, na dozi ipimwe upya siku mpira unapoingia na siku unapotoka. Hiyo siku ya kutoka ndiyo tunayoisahau.

Sasa zile EC. Hizo zimevikwa ganda lisiloyeyuka kwenye tindikali ya tumbo. Kwa aspirini ganda linalilinda tumbo. Ukilisaga linabaki mapande yanayonata mpirani, wakati aspirini ya kawaida ya kuyeyuka ipo na ni rahisi. Kwa omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, ni kinyume: ganda linailinda dawa. Ndani ya kapsuli yake mna chembe ndogo ndogo, kila moja imevikwa. Ukizisaga, tindikali inaimaliza omeprazoli kabla haijafanya kazi. Ukizipitisha zilivyo, zinajipanga kwenye mpira mwembamba kama kokoto kwenye bomba la maji. Ipo namna ya kuziyeyusha kwenye maji ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 8.4, na zipo dawa za kundi hilohilo zilizotengenezwa kwa ajili ya mpira, lakini hiyo ni kazi ya famasi. Sodiamu valproeti ya kifafa yenye ganda ina sirapu yake. Iandikwe sirapu.

Ncha ya mpira iliko pia ni swali. Mwingine huishia tumboni, mwingine hupitishwa hadi utumbo mwembamba. Dawa ya kutuliza tindikali ikimwagwa huko chini imepita nyumba iliyokuwa inatumwa, na siprofloksasini hufyonzwa hafifu ikishapita mwanzo wa utumbo.

Ukanda wetu si maskini wa mifano mizuri, na inanipa moyo kuisema. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilianza kuchanganya unga wa mofini na maji ikapata dawa ya kunywa, nafuu, ambayo hata aliyezibwa umio anaweza kupewa kwa mpira. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Mgonjwa wa saratani anayepata mofini ya maji hana haja ya mtu kumsagia kidonge cha kutoka polepole. Dawa za kifua kikuu za watoto nazo zilikuwa balaa: wazazi walikata na kuponda vidonge vya watu wazima, wakikisia. Mwishoni mwa 2015 vikatangazwa vidonge vya dozi ya mtoto vinavyofumuka kwenye maji, na mwaka 2016 Kenya ikawa nchi ya kwanza duniani kuvisambaza nchi nzima. Kilichofanyika hapo ni rahisi: mtu alikaa akajiuliza dawa itafikaje, akaibadilisha dawa badala ya kumwachia mama ahangaike. Kukisia kuna bei. Mwaka 2011 watafiti walichapisha vipimo vya watoto wenye VVU waliopewa vidonge vya lopinaviri na ritonaviri vikiwa vimepondwa: dawa iliyofika damuni ilipungua karibu nusu. Kidonge kilikuwa kilekile, mama alikuwa mwaminifu, na virusi viliachiwa nafasi.

Anayesaga naye yumo hatarini. Haidroksiyurea ya wagonjwa wa selimundu, methotreksati, tamoksifeni na dawa nyingine za saratani hazipondwi wodini wala jikoni. Vumbi lake huvutwa, hukaa mezani, hubaki kinuni ambamo kesho kitunguu saumu kitatwangwa. Mjamzito asizikaribie. Hata dawa za kawaida, kinu kimoja cha wodi nzima kinaweza kumpelekea unga wa penisilini mtu ambaye penisilini humfunga pumzi.

Na kabla ya yote haya, je, mpira uko tumboni? Bado nawaona wauguzi wakipuliza hewa kwa bomba na kusikiliza tumboni kwa stetoskopu. Sauti ya hewa iliyoko mapafuni husikika tumboni pia. Wakala wa usalama wa wagonjwa wa Uingereza uliagiza mwaka 2005 kipimo hicho kiachwe, na mwaka 2011 ukaeleza kwamba tangu agizo lile vilikuwa vimeripotiwa vifo vingine 21 vya watu waliolishwa mapafuni. Kinachoaminika ni picha ya eksirei, au kuvuta majimaji ya tumbo na kuyapima kwa karatasi ya pH: ikisoma kati ya 1 na 5.5, endelea. Karatasi hizo ni bei ndogo. Sijui udhuru wowote wa wodi inayolisha kwa mpira kutokuwa nazo.

Hatari ya mwisho hunitisha kwa sababu ni ya sekunde moja. Bomba la sindano la kawaida linaingia kwenye mpira na linaingia vilevile kwenye kanula ya mkononi. Usiku, taa hafifu, wagonjwa 40 na muuguzi mmoja, unga wa kidonge ukaenda kwenye mshipa wa damu. Ndiyo maana mwaka 2016 kikawekwa kiwango cha kimataifa cha kiungio cha mipira ya chakula ambacho hakiwezi kushikana na njia ya damu. Ambapo vifaa hivyo havijafika, bomba la mpirani liwe na rangi yake au utepe wake, litundikwe upande wake, na dawa ya mpirani isiandaliwe kwenye trei moja na ya sindano.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba haya ni ya hospitali zenye fedha. Hesabu inakataa. Amlodipini si ghali kuliko nifedipini ya Retard. Maji hayauzwi famasi. Kuandika "sirapu" badala ya "kidonge" hakuhitaji bajeti. Kinachokosekana ni mtu wa kuulizwa, na utaratibu wa kumuuliza. Wafamasia tumezoea kukaa dirishani tukisubiri karatasi. Karatasi haisemi mgonjwa ana mpira, tunatoa dawa ya kumeza kwa asiyeweza kumeza. Ningetaka kila fomu ya kuweka mpira iwe na mstari mmoja wa mwisho: mfamasia amejulishwa, dawa zimepitiwa. Rebecca White na Vicky Bradnam, wafamasia wa Uingereza, walitoa mwaka 2007 kitabu kinachoeleza dawa moja moja namna ya kuipitisha mpirani. Nakala ya kitabu cha aina hiyo, au orodha fupi ya dawa za wodi husika iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili, ingemwondolea muuguzi wa zamu ya usiku mzigo wa kukisia.

Baba yule tulimbadilishia. Nifedipini ilitoka, amlodipini ikaingia, mara moja kwa siku. Aspirini yenye ganda ikawa ya kuyeyuka. Omeprazoli tuliifuta kabisa, kwa sababu tulipouliza aliandikiwa kwa nini, haikupatikana sababu. Dawa mbili kati ya sita zilikuwa hazihitajiki tena, na hili hutokea mara nyingi mno: mpira unapotulazimisha kuitazama kila dawa usoni, ndipo tunapogundua zilizokwisha kazi. Binti alirudi na dawa nne, na karatasi niliyoandika kwa mkono: hii saa moja, hii saa tatu, maji kiasi hiki. Kinu nilimwomba akirudishe kwenye vitunguu.

Wewe mwenye mgonjwa wa mpira nyumbani, fanya hivi wiki hii. Kusanya dawa zake zote pamoja na maboksi yake, chukua na zile za mitishamba kama anatumia, nenda kwenye famasi ya hospitali iliyomtibu, na useme neno hili kabla ya lingine lolote: "Mgonjwa wangu hamezi, ana mpira." Kisha uliza kila dawa, moja baada ya nyingine, kama inaruhusiwa kufumuliwa, inapishana na chakula kwa muda gani, na kama bado anaihitaji. Usiondoke dirishani mpaka umejibiwa zote.